Mimi Si Teja, Daktari: Maneno kwa Vijana Wanaoishi na Seli Mundu



Nimepewa nusu saa. Nitajaribu nisiipite, manake najua kuna walio hapa ambao kukaa sana kwenye hivi viti vya plastiki kunawaumiza nyonga. Ukitaka kusimama, simama. Ukitaka maji, yako pale mlangoni, kunywa bila kuomba ruhusa. Hapa hakuna wa kukuuliza mbona unatoka toka.

Mimi nina seli mundu. Mtaani watu husema sikoseli. Nimezaliwa nayo, na mwaka huu nina miaka 28. Nautaja umri kwa sababu mamangu aliwahi kuambiwa, nikiwa mtoto wa kubebwa, kwamba asijisumbue kuweka karo ya sekondari. Alhamdulillahi, sekondari nimemaliza, diploma nimepata, na kazi yangu sasa ni kuzunguka mitaani nikiongea na vijana kuhusu haki zao. Mara nyingi huwa ni habari za polisi na vitambulisho. Leo nataka tuongee kuhusu mtu ambaye wewe mwenye maradhi ya kudumu unakutana naye mara nyingi kuliko chifu na kadhi wakiwekwa pamoja. Daktari.

Nianze na usiku mmoja. Nilikuwa na miaka 19. Maumivu yalinishika baada ya Isha, kwanza mgongoni, halafu mapajani, halafu kifuani. Wenzangu mnaijua hiyo, ndiyo ile tunayoita kraisi. Kwa asiyeijua: chembe nyekundu za damu za mtu wa kawaida ni za duara na laini, zinapita kwenye mishipa midogo bila shida. Zetu zikipungukiwa na oksijeni hujikunja kama mundu na kuwa ngumu, zinakwama njiani, na sehemu iliyokosa damu inaanza kuuma. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo. Kuna dada katika kundi letu aliyezaa watoto wawili, anasema akipewa kuchagua atachagua uchungu wa kuzaa.

Mamangu alikuwa amekwenda Malindi arusini. Binamu yangu akanitia kwenye tuktuk, tukaenda hospitali moja ambayo sitaitaja. Sasa hebu nitazame kwa macho ya daktari aliyekuwa zamu usiku ule. Kijana mwembamba, fulana imelowa jasho, macho ya manjano, amejikunyata anatetemeka. Mikononi ana makovu ya sindano, manake tangu utotoni nimewekwa dripu mara zisizohesabika. Na kijana huyo akiulizwa anataka nini, anataja dawa kwa jina: "Daktari, inayonisaidia mimi ni mofini."

Akanyamaza. Akanishika mkono, akaugeuza, akayatazama yale makovu. Kisha akaniuliza, "Unga umeanza kutumia lini?"

Nikamwambia nina seli mundu. Akaniuliza kadi ya kliniki iko wapi. Kadi iko kwenye mkoba wa mamangu, na mkoba uko Malindi. Nikapewa panadol mbili, nikaambiwa nikae kwenye benchi nitulie. Nilikaa pale tangu saa 5 usiku. Binamu yangu alilia. Mimi hata nguvu ya kulia sikuwa nayo.

Mamangu alipanda matatu ya kwanza ya alfajiri. Saa 2 asubuhi akaingia na faili langu kwapani. Aliongea, nadhani, dakika mbili. Kabla ya saa 3 nilikuwa kitandani, oksijeni puani, maji mshipani, na ile mofini niliyoiomba nimeshachomwa. Ugonjwa ulikuwa ule ule wa usiku na makovu yale yale. Tofauti ni kwamba sasa aliyesema ni mama mtu mzima, mwenye buibui na faili.

Nilimchukia yule daktari miaka mingi. Siku hizi simchukii, na nitawaambia kwa nini, lakini kuna jambo ambalo lazima litangulie. Hata kama ningekuwa teja kweli. Sikiliza vizuri: hata kama. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na sehemu ya pili ya kifungu hicho inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haikuandikwa "isipokuwa teja". Tunao ndugu zetu, tulisoma nao madrasa moja, wameangukia kwenye unga. Nao huvunjika miguu, nao hupata nimonia, nao ni watu. Kwa hivyo sitaki mtu atoke hapa aseme ubaya wa usiku ule ni kwamba nilifananishwa na teja. Ubaya ni kwamba mtu alikuja na maumivu na hakupimwa. Tone moja la damu chini ya darubini lingemaliza ubishi.

Na hiyo darubini inanikumbusha kisa ninachokipenda, nisikilizeni kidogo. Mwishoni mwa 1904, kijana wa miaka 20 aliingia hospitali moja mjini Chicago. Jina lake Walter Clement Noel, ametoka kisiwa cha Grenada, amekwenda Marekani kusomea udaktari wa meno. Kijana mweusi, mgeni, miaka ile. Aliyempokea alikuwa daktari mchanga aliyekuwa bado mafunzoni, Ernest Irons. Irons angeweza kusema mengi kuhusu kijana yule. Badala yake alimtoa damu akaitazama kwenye darubini, akaona chembe ndefu zilizopinda kama mundu, akamwita mkubwa wake, James Herrick. Herrick ndiye aliyeandika makala ya 1910 ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza kuueleza ugonjwa huu katika majarida ya madaktari wa Magharibi. Herrick akapata sifa, Irons kidogo, na Noel hata jina lake halikutajwa. Alimaliza masomo, akarudi kwao akafungua chumba cha meno, akafa 1916 akiwa na miaka 32.

Mimi nikifikiria kisa hiki namfikiria Irons. Hakuwa bingwa wa kitu. Dawa hakuwa nayo. Alichofanya ni kumchukulia kijana mgonjwa kuwa anasema kweli, kisha akaenda kuthibitisha.

Sisi wa Pwani nasi tumo kwenye historia hii. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyekulia hapa Kenya, alizunguka nchi akikusanya damu. Aligundua kwamba Pwani na kando ya Ziwa Victoria watu wengi wamebeba chembe hii, na kule nyanda za juu ni wachache mno. Mwaka 1954 akaeleza sababu: aliyerithi chembe ya mundu kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa na kinga dhidi ya malaria kali, na malaria iko huku kwetu. Daktari anayefanya kazi Pwani na haiwazi seli mundu ni kama nahodha asiyewaza kusi. Hilo nalisema bila kuomba radhi.

Sasa, kwa nini simchukii. Kwa sababu nilipokuja kufikiria, niliona kwamba usiku ule yule bwana hakuwa na kitu ila maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa mabovu. Miaka yote mamangu ndiye aliyeongea. Kliniki ya watoto tulikuwa na sista mmoja aliyenijua kwa jina la utani, akiniona tu anajua leo ni mguu au kifua. Mimi kazi yangu ilikuwa kutoa mkono uchomwe. Halafu siku moja unaambiwa umekuwa mkubwa, nenda kliniki ya watu wazima. Hakuna aliyekukabidhi. Unafika, daktari humjui, naye hakujui, ziara ijayo ni daktari mwingine, na ile nyingine ni mwingine tena. Nyuma yako kuna foleni imefika kwenye geti. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, na wakati ule wengi wenu mlikuwa mnahesabu vidonge. Daktari unayemkuta amechoka, kalipwa kwa kuchelewa, na ana dakika tano za kukupa. Hizo dakika tano zisipotee.

Kwa hivyo jambo la kwanza, omba barua. Nenda kwa daktari wa kliniki unakotibiwa ukiwa mzima, si siku ya kraisi, umwombe akuandikie karatasi moja yenye muhuri. Iseme wewe una aina gani ya seli mundu. Iseme damu yako ya kawaida ni ngapi; yangu mimi huwa 7.5, na daktari asiyenijua akiiona namba hiyo anashtuka anataka kuniongeza damu, kumbe ndivyo nilivyo siku zote. Iseme dawa gani ya maumivu hukusaidia na kwa kipimo gani, dawa gani zinakudhuru, umewahi kuongezwa damu mara ngapi, na nambari ya simu ya kliniki. Ipige picha uweke kwenye simu. Mtumie na binamu yako, manake siku hiyo simu yako itakuwa haina chaji, nakuhakikishia. Mimi tangu nilipopata barua ile sijaulizwa tena habari za unga. Mkono wangu hawaugeuzi, wanasoma karatasi.

Inaudhi, najua. Kijana mwingine aliniambia, "Kwa nini mimi nibebe karatasi ndio niaminiwe?" Ana haki ya kuudhika. Nikamwambia mimi pia naudhika, na karatasi naibeba.

Jambo la pili ni gumu kulisema. Tunalalamika kwamba madaktari hawatuamini, na sisi tunawadanganya. Nitajitolea mfano mwenyewe. Nilipoanzishwa haidroksiyurea nilikuwa na miaka 22. Ni dawa ya kumeza kila siku. Inasaidia mwili utengeneze ile damu ya utotoni ambayo haijikunji kwa urahisi. Marekani iliidhinishwa kwa watu wazima wenye seli mundu mwaka 1998. Na kama unafikiri ni ya Wamarekani tu, majaribio makubwa ya dawa hii kwa watoto wa Afrika yalifanyika Angola, Kongo, Uganda na hapa hapa kwetu Kilifi, watoto 606, na matokeo yakachapishwa 2019: kraisi zilipungua, malaria ikapungua, kuongezwa damu kukapungua, na vifo pia.

Mimi nilimeza miezi miwili nikaacha. Kwa nini? Mtu aliniambia ni dawa ya kansa. Ni kweli hutumika huko pia, lakini sikumwuliza daktari, nilikimbilia simu. Mwingine akaniambia itaniua nguvu za kiume. Na tuwe wakweli, ilikuwa ghali na nilikuwa sina kazi. Nikaacha. Kila nikienda kliniki naulizwa, "Dawa unameza?" Nasema, "Ndiyo, daktari." Anapima damu, anaona haijabadilika, anasema basi kipimo hakitoshi, anaongeza. Unaona hatari hiyo? Kipimo kinapandishwa kwa ajili ya mtu anayemeza, na mimi simezi. Siku ningeamua kuanza kumeza kipimo kile kikubwa, dawa ingeshusha chembe nyeupe na za kugandisha damu mpaka mahali pabaya, na daktari asingejua kwa nini.

Aliyenikamata ni daktari mmoja wa kike, mdogo, labda tunalingana umri. Aliangalia karatasi ya maabara akaniambia, "Mtu anayemeza dawa hii chembe zake nyekundu huwa kubwa kidogo. Zako hazijakua." Nikajiandaa kugombezwa. Akaweka kalamu chini. Akasema, "Nikuulize bila kukukasirikia. Kwa wiki, unakosa siku ngapi?"

Wallahi sikuwahi kuulizwa hivyo. Si "unameza?" ila "unakosa siku ngapi?" Nikamwambia zote saba. Akacheka, nikacheka. Nikamwambia na lile la nguvu za kiume, nikitazama ukuta. Akanieleza kwamba dawa inaweza kupunguza mbegu za uzazi kwa baadhi ya wanaume, na kwamba nikifikia kutaka mtoto nimwambie tupange pamoja. Nguvu zenyewe, akasema, ukitaka kuziogopea ogopea ugonjwa usiotibiwa. Tukaanza upya kwa kipimo cha chini. Hilo la bei akanielekeza kwa ofisa wa ustawi wa jamii, ambaye ofisi yake nilikuwa nikiipita kila mwezi bila kujua inafanya nini.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, ikiwa kuna dawa umeacha, sema umeacha. Ikiwa unakunywa mitishamba ya bibi, sema ni ipi. Kombe na dua hakuna daktari mwenye akili atakayekugombania, endelea, lakini mizizi iliyochemshwa inaingia kwenye ini na figo pamoja na vidonge, lazima ajue. Ikiwa unavuta, sema. Ikiwa maumivu ni 6 kati ya 10, usiseme 10 ili uhudumiwe haraka. Niliwahi kufanya hivyo. Siku ilipofika 10 kweli, nilikuwa sina namba nyingine ya kutaja.

Na Ramadhani. Hii najua inatugusa. Nilifunga siku nne kwa siri, ya tano nikaishia wodini, na nilipoulizwa kama nimekunywa maji ya kutosha nikasema ndiyo. Nikiwa nimefunga! Mwili wetu ukikauka, damu inakuwa nzito na chembe zinakwama. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Nenda kwa daktari mwezi mmoja kabla, umwambie unavyotamani kufunga, akueleze hali yako wewe inaruhusu nini. Kisha hayo aliyokueleza yapeleke kwa shekhe wako. Kuna watakaoweza na kuna wasioweza, na jirani anayekuona unakunywa maji mchana si yeye atakayekulaza.

Kaka zangu, kina dada mtuwie radhi dakika moja. Kuna shida ya uume kusimama wenyewe, bila matamanio, kwa maumivu. Ni damu hiyo hiyo inayokwama. Vijana wengi wenye seli mundu wanapata, na karibu wote wanaficha. Ikipita saa 4, hiyo ni dharura kama kuvunjika mguu, nenda hospitali usiku huo huo, manake ukichelewa unaweza kuharibika kabisa. Mfanye daktari wako alijue jina lake kabla halijakupata. Mimi nililisema kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 24, na daktari hakucheka. Aliandika tu, kama vile nimemwambia naumwa na goti.

Kina dada nanyi mna yenu, na mimi si wa kuyasemea yote. Ila dada mmoja wa kundi letu ameniruhusu nitaje lake. Ana miaka 23, mamake huingia naye kwa daktari kila mara, na alikuwa na swali kuhusu kuolewa na kushika mimba ambalo hawezi kuuliza mbele ya mama. Kwa miaka miwili akalibeba hilo swali kwenda na kurudi. Na yeye anameza haidroksiyurea, dawa ambayo mwanamke hafai kushika mimba akiwa anaimeza bila kupanga na daktari. Umeshafika miaka 18, una haki ya kusema, "Daktari, naomba dakika chache peke yangu." Sheria ya Afya ya 2017 inasema habari zako za matibabu ni siri yako. Si utovu wa heshima kwa mama. Unaweza hata kumwambia nyumbani kabla ya kutoka: "Mama, leo nitabaki kidogo na daktari, kisha utaingia." Unaweza pia kuomba uangaliwe na daktari wa kike, au sista awepo chumbani. Huenda wa kike asiwepo siku hiyo, lakini kuomba ni haki.

Na kabla ya nikaha, nyinyi na wachumba wenu pimeni. Wawili waliobeba chembe hii, wazima kabisa kwa kuwatazama, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto kuwa kama mimi. Mpime mjue, kisha muamue wenyewe. Kuna kijana alivunjiwa uchumba hadharani kwa sababu karani wa zahanati alimwambia shangazi yake. Huyo karani alivunja sheria.

Hapo nije kwenye haki, maana ndiyo kazi yangu. Sheria hiyo hiyo ya 2017 inasema ni lazima uelezwe hali yako, njia za tibabu zilizopo, faida na hatari zake, na kwa lugha unayoielewa. Kwa hivyo daktari akikueleza na hujaelewa, sema, "Daktari, nirudie kwa Kiswahili." Usiitikie tu kwa kichwa. Mimi huwa namwambia, "Ngoja nikurudishie nilivyoelewa," kisha namrudishia, na mara nyingi ananisahihisha. Unaweza kukataa tibabu baada ya kuelezwa. Unaweza kuomba maoni ya daktari mwingine. Huna haki ya kumruka aliyeletwa na ajali damu inamwagika, tusidanganyane. Lakini kraisi nayo ni dharura: mwongozo wa madaktari wa damu wa Marekani wa 2020 unataka dawa ya maumivu itolewe ndani ya saa 1 tangu mgonjwa kufika. Mimi nilikaa usiku mzima. Na homa ikifika 38.5, usingoje asubuhi. Wengu wetu wengi ulishakufa zamani, na maambukizi huenda mbio kwetu. Kipimajoto nunua, kiwe nyumbani.

Ukidhulumiwa, usirushe video kabla hujaandika. Andika tarehe, saa, idara, na jina lililo kwenye kitambulisho kifuani mwake. Anza kwa mkubwa wa hospitali, kwa barua, na nakala ubaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Afya inakupa haki ya kulalamika na lalamiko lako lichunguzwe. Hawakusikilizi, kuna Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na maofisa wa kliniki wana baraza lao, manake si kila aliyevaa koti jeupe ni daktari ingawa sote tunawaita daktari. Kuandika barua hizo tutakusaidia, bure.

Na kabla sijasahau, bima. NHIF haipo tena, tangu Oktoba 2024 ni SHA. Ukiwa mtu mzima usidhani uko kwenye ya babako mpaka uhakikishe. Piga *147# ukiwa mzima, usingoje uwe kwenye benchi.

Niseme la mwisho kuhusu yule daktari wa usiku ule. Miaka mitatu baadaye nilimkuta kwenye hospitali nyingine. Hakunikumbuka. Nilikuwa na barua yangu, nikampa, akaisoma yote, akaniuliza maumivu yako wapi, akaandika dawa. Ilipoanza kunipooza nikamwambia, "Daktari, sisi tulishaonana." Nikamweleza. Alikaa kimya, kisha akasema wiki ile alikuwa amepokea vijana watatu wa unga na mmoja alimfia mkononi. Hakuomba radhi waziwazi. Ila kabla ya kutoka alirudi kitandani akaniomba aipige picha ile barua, akasema atawaonyesha wenzake wa zamu ya usiku jinsi inavyoandikwa.

Kliniki yangu mimi ni Jumanne. Kwenye daftari nimeshaandika maswali matatu, na la tatu linanitia haya kweli kweli, sijui nitaanzia wapi. Nimeliandika kwa wino mwekundu nisije nikaliruka. Anayetaka kuandamana nami, tukutane getini saa 1 asubuhi, aje na kadi yake na chupa ya maji. Sasa nimeona mkono umeinuliwa pale nyuma. Karibu, dada, uliza.